Aliyeandika Mambo ya Kwanga

Kisangani, komini ya Tshopo. Alhamisi, mwezi wa kumi.

Mvua imenyesha alfajiri, kisha jua limetoka kwa hasira, na sasa jioni hewa imesimama, haiendi mbele wala nyuma. Umeme hakuna. Kutoka hapa nilipoketi nayasikia maporomoko, maji yote yale yakipita bure, na taa yangu ni dirisha. Nitaandika mpaka dirisha lizimike.

Nianze na jambo lenyewe, kama ninavyoandika habari. Leo askari amekuja kwa Papa Anselme kusema kwamba kesho asubuhi mkubwa wa askari wa bichi, pale pirogi za kuvuka mto kutoka Lubunga zinapofikia, anamtaka ofisini kwake mwandishi mmoja wa gazeti letu la ukutani. Anayekwenda ni Régine. Hatujui watamfanya nini. Mtu wa mwisho aliyeitwa pale, mwuza mafuta ya mawese, alirudi baada ya siku kadhaa na mpaka sasa hataki kusimulia.

Hiyo ndiyo habari. Sasa niandike lile ambalo haliwezi kuwa habari.

Namwonea wivu.

Sikuanza leo. Tangu vita vifunge mto na magazeti ya Kinshasa yaache kufika, watu watatu tunatengeneza gazeti la ukutani. Papa Anselme, mwalimu mstaafu anayeshika biki kana kwamba ni chaki, ndiye mwenye mashine ya kuandikia, kwa hiyo ndiye mhariri. Mimi naandika habari. Régine, aliyesoma sekondari ileile niliyosoma mimi, nyuma yangu kwa madarasa machache, anafundisha shule ya msingi na anaandika maoni.

Papa anapiga karatasi moja kwa nakala tatu, kaboni zikiwa katikati. Nakala ya juu, nyeusi na safi, inabandikwa Makiso, katikati ya mji, kwenye mlango wa chuma wa duka lililofungwa tangu lilipoporwa. Ya pili inakuja huku kwetu Tshopo. Ya tatu, iliyofifia kwa sababu kaboni zetu zimechoka, inavuka mto kwenda Lubunga, na anayeivusha ni mimi.

Kando ya kila nakala tunaning'iniza biki kwa uzi. Lilikuwa wazo la Papa: msomaji mwenye neno aliandike pembeni mwa karatasi, na sisi tulisome. Ugonjwa wangu ulianzia hapo.

Pembeni mwa habari zangu ni weupe mtupu. Pembeni mwa maoni ya Régine hapabaki hata mahali pa kuweka nukta. Wanamwandikia: "Dada, hapa umedanganya." Mwingine chini yake: "Hakudanganya, wewe ndiye hukuelewa." Mwingine: "Huyu ameolewa?" Mara moja mtu aliandika kwa herufi ndogo, kama anayeogopa kusikiwa na karatasi: "Mimi ni askari na nimesoma mpaka mwisho."

Mwisho wa maoni yake, maana yake. Yangu sijui kama wanafika katikati.

Nifanye haki, nieleze ninavyofanya kazi. Habari siiandiki mpaka watu wawili wasiojuana waniambie kitu kilekile. Nikisikia chumvi imepanda, naenda soko kuu, kisha naenda soko la huku kwetu, kwa miguu. Nikimaliza kuandika, nasoma tena na kufuta. Nafuta "sana". Nafuta "inasikitisha". Kinachobaki ni kigumu na kisafi kama mfupa, na chini yake jina langu halipo, kwa sababu Papa anasema habari si mali ya mtu. Maoni lazima yawe na jina, ili msomaji ajue ni nani wa kulaumu.

Basi Régine, anayeandika akiwa ameketi barazani kwa shangazi yake huku akichambua mchele, anajulikana mpaka kwa waendesha toleka. Juzi mmoja wao alinibeba kwenye baiskeli yake kutoka Makiso. Njiani aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia naandika katika gazeti la ukutani. Aligeuka kwa furaha, nusura atuangushe mtaroni.

"Ah, bon! Donc we unamujua Régine?"

Nilimwambia simjui vizuri.

Nilishuka kabla ya kufika kwangu.

Niliamua kwamba maoni si kazi ngumu. Nilijiambia: mtu anakaa, anajisikia vibaya kuhusu jambo fulani, anaandika. Hakuna kutembea, hakuna kuthibitisha. Mwezi uliopita nikamwomba Papa nafasi. Nikaandika juu ya toleka kukatazwa kupita kwenye barabara kubwa ya katikati ya mji. Nilifanya kazi ile kama ninavyofanya kazi zangu zote. Niliwauliza waendesha baiskeli, nikawauliza wenye maduka, nikamwuliza mtu wa manispaa. Nikaandika sababu za upande mmoja, sababu za upande wa pili, nikafunga kwa kusema kwamba siku zijazo zitaonyesha. Chini nikaweka jina langu lote, Faustin na la baba.

Wiki ile nilipita kwenye mlango ule wa chuma mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji. Nilikuwa najifanya nakagua gundi. Siku ya nne kulikuwa na maandishi pembeni mwa maoni yangu. Nikasogea.

"Merci kwa habari."

Basi. Hakuna kingine kilichoandikwa mpaka tulipobandua.

Nilimpelekea Papa karatasi ile. Alikuwa anakula karanga na kuyapuliza maganda yasiingie kwenye mashine. Alisoma maoni yangu tena, akasoma yale maneno ya pembeni, akacheka bila sauti, tumbo peke yake.

"Faustin, ii iko muzuri," alisema. "Lakini onyesha mi fasi mutu anaweza kukuambia hapana."

Nilitafuta mahali hapo kwenye karatasi yangu, kuanzia juu mpaka chini. Hapakuwepo. Kila sentensi ilikuwa kweli, na hakuna hata moja iliyokuwa yangu.

Papa alinieleza, polepole, kama darasani. Alisema habari inamwambia msomaji kilichotokea, kisha inamwacha huru aende zake. Maoni yanamshika mkono na kumwambia: simama hapa, tazama kutoka hapa nilipo mimi. Mtu akishikwa mkono, ama anafuata ama anauvuta mkono wake, na ndiyo maana wanaandika pembeni. Akaongeza kwamba anayeandika maoni lazima kwanza awe amesimama mahali. Mimi nilikuwa nimezunguka jambo lile pande zote kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba ambayo hana nia ya kuingia.

Nilielewa. Kuelewa hakukunisaidia kitu. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeelewa na nikiwa na wivu zaidi, kwa sababu sasa nilijua kwamba anachokifanya Régine ni kazi.

Ndipo ikaja kwanga.

Kwanga ile ya muhogo uliopikwa na kufungwa majanini, chakula chetu cha kila siku. Akina mama wa Lubunga wanaivusha kwa makapu kila asubuhi kuja kuuza upande huu. Nilikuwa nimesikia mambo ya pale bichi, nikaenda kusimama mwenyewe, asubuhi baada ya asubuhi, nikijifanya nasubiri mgeni, mpaka mafua yakanishika. Akina mama wawili, kila mmoja kwa wakati wake, waliniambia kilekile nilichokuwa nakiona. Nikaandika hivi:

"Kwenye bichi ya pirogi za Lubunga, askari wanachukua kwanga moja katika kila kapu linaloshushwa. Wanaiita kodi ya usalama."

Nilijivunia mstari ule. Haukuwa na neno la ziada. Na ulihitaji moyo pia, nasema kweli, kwa maana hakuna aliyekuwa amethubutu kuuandika.

Wiki nzima, weupe pembeni.

Sasa naona sababu. Kila mtu mjini alikuwa anajua. Niliwaambia watu jambo walilokwisha kuliona kwa macho yao na kulizoea, na watu hawaandiki pembeni mwa kitu walichokizoea.

Régine aliusoma mstari ule na wiki iliyofuata akaandika maoni. Papa aliurudia mstari wangu juu kabisa, kisha akaweka maneno ya Régine chini yake, ili msomaji ajue maoni yametoka wapi. Naweza kuyanakili bila kutazama, na hilo pia linaniuma:

"Mtu anayekula kila asubuhi kutoka mkononi mwa mama hawezi kuitwa askari tena. Huyo ni mtoto wa nyumbani. Basi akina mama wamwite mwanangu. Na yeye, kama mtoto aliyelelewa vizuri, aingie majini ashushe kapu."

Hakutukana mtu. Hakudai kodi ifutwe. Alichukua jambo langu, akalipa jina jingine, akalirudisha kwa wenyewe.

Pembeni pakajaa siku ileile. Walipokosa nafasi wakaandika ukutani.

Leo asubuhi nimekwenda kuvuka na nakala mpya ya Lubunga. Mvua ilikuwa imekatika, bichi ina matope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Pirogi moja imefika imejaa. Ndani yake kulikuwa na mama mnene mwenye kitambaa cha kijani kichwani, na kapu lake halikuwa dogo. Askari amesogea kuchukua chake kama kawaida. Mama yule hakumpa. Amemtazama usoni kwa upole kabisa.

"Mwanangu," amesema, "kapu inanishinda. Ingia."

Yule askari, mtu mzima mwenye ndevu, amewatazama wenzake, ametazama maji. Kisha amegeuza bunduki mgongoni, amekunja suruali, ameingia. Amelitoa kapu kwa mikono miwili na kuliweka pakavu. Mama amempa kwanga moja, yeye mwenyewe, kwa mkono wa kulia, na kumwambia asante mwanangu, ukue. Watu wamecheka, na yule askari amecheka nao. Papo hapo mama wa pirogi ya pili ameanza kuita: na mimi, mwanangu, na mimi unaniachia nani?

Mmoja tu hakucheka, aliyevaa kofia ya mkubwa, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na barieri inayofunga njia. Ameuliza kwa sauti ni nani aliyewafundisha akina mama wimbo huo.

Nilipaswa kufurahi. Nilikuwa nimesimama pale pale niliposimama siku zile za mafua, nimeona kwa macho yangu sentensi ikiingia majini na kubeba kapu. Ni wangapi wanaofanya kazi yetu wamewahi kuona kitu kama hicho?

Nimefikiri: mstari ulikuwa wangu.

Nimevuka. Kule Lubunga nakala yetu iko kwenye ukuta wa bohari ya zamani ya reli. Nilipofika kubandua ile ya wiki iliyopita, nimekuta kitu ambacho sijawahi kukiona. Kaboni yetu ni hafifu, na jua na unyevu huifanya nakala ile isomeke kama maandishi yaliyo chini ya maji. Mtu fulani, sijui nani, amesimama pale na biki yetu na kupitisha wino juu ya maneno ya Régine, herufi kwa herufi, mpaka jina lake. Limekolea buluu. Unaweza kulisoma ukiwa relini.

Bei ya chumvi ameiacha ifie. Siku za chanjo ameziacha. Ile pirogi ya mbao iliyozama, habari iliyonitembeza mchana kutwa, ameiacha.

Kisha nimeona kwamba hakuanzia kwa Régine. Ameanzia juu yake. "Kwenye bichi ya pirogi za Lubunga, askari wanachukua kwanga moja katika kila kapu linaloshushwa." Mstari wangu wote ameutia wino, akashuka kwa Régine bila kuinua mkono.

Nimesimama mbele ya karatasi ile muda mrefu. Nimejaribu kufurahi na nimefaulu kidogo. Lakini nadhani kama ningekuwa peke yangu pale ukutani, asingehangaika. Aliona ngazi kwa sababu kulikuwa na nyumba juu yake.

Ingawa nyumba nayo bila ngazi... Hapana. Sitaki kujifariji kwa maneno mazuri. Narudi kwenye mambo yaliyotokea.

Niliporudi upande huu nimepitia kwa Papa Anselme, Makiso. Nimemkuta Régine ameketi kwenye kiti cha wageni, mkoba wake wa shule mapajani, ameushika kwa mikono yote miwili kama mtu aliye ndani ya lori. Papa hakuwa anakula karanga. Amenieleza kwamba askari amekuja, amesimama mlangoni, amesema mkubwa wa bichi anamtaka kesho asubuhi aliyeandika mambo ya kwanga. Kisha ameondoka.

Nimemwomba Papa anirudilie maneno yenyewe. Ni tabia ya kazi.

"Aliyeandika mambo ya kwanga," amesema. "Ni ile tu. Jina hakutaja."

Aliyeandika mambo ya kwanga. Sisi wawili tumeandika mambo ya kwanga, na mimi ndiye niliyetangulia. Lakini Papa alikuwa anamtazama Régine, na Régine alikuwa anatazama viatu vyake. Hakuna aliyegeuza kichwa upande wangu, hata kwa makosa.

Hapa ndipo naona haya kuandika, lakini shajara hii ina kanuni zake kama habari.

Kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa hofu kwa ajili ya Régine. Nilihisi kama siku ile kwenye toleka. Hata kuitwa na wenye bunduki, ameitwa yeye.

Papa amemshauri avuke leo jioni, akae kwa ndugu zake nyuma ya Lubunga mpaka mambo yasahaulike. Régine amekataa. Amesema akikimbia watachukua mashine ya Papa, kisha watakwenda dukani kwa shangazi yake, na wote wawili wamekwisha kuporwa vya kutosha. Amesema hayo kwa utulivu. Kisha ameuliza watamwuliza nini kwanza. Papa amesema watamwuliza kama ni kweli.

"Mi sikuonaka, Papa," Régine amesema. "Mi nilisomaka tu ya yaya Faustin."

Ndipo amenigeukia. Ananiita yaya, yaani kaka mkubwa, tangu shuleni, kwa sababu nilimtangulia.

"Yaya, we njo unaonaka. Mi niko nasema tu."

Sijui nimeyangoja maneno hayo kwa muda gani. Kwamba anayeona ni mimi, na yeye anasema tu. Nimeyangoja kutoka kwake, kutoka kwa Papa, kutoka kwa yeyote mwenye biki pembeni mwa karatasi. Yamekuja leo, siku ambayo kuyakubali kunaweza kunilaza ndani.

Hakusema njoo nami. Régine haombi hivyo. Aliyasema, akaniachia.

Nimejibu: "Tutaona."

Mimi, ninayefuta maneno yasiyosema kitu.

Nimetembea mpaka nyumbani. Mama Neema, mke wangu, alikuwa uani anatwanga pondu, majani ya muhogo. Habari ilikuwa imemfikia kabla yangu, kama kawaida ya mji huu, ambao ungeweza kuishi vizuri bila mwandishi wa habari. Ameendelea kutwanga. Ameniuliza kama Régine atakwenda peke yake. Nimesema Papa Anselme ana miguu mibaya. Amesema hakuuliza juu ya miguu ya Papa Anselme.

Baadaye amesimamisha mchi.

"Papa Neema, ile siku ya mafua, nani alikuwa anasimama kule ku bichi? Ni Régine?"

Ameniangalia kwa muda, na nimeona jinsi anavyofika mahali ambapo nilidhani nimepafunga vizuri.

"Eh," amesema. "We unaona wivu mpaka ya kufungwa."

Ameanza kutwanga tena. Hakucheka, na ingekuwa afadhali angecheka.

Nimeingia ndani, nimefungua daftari hili, nimejaribu kufanya kwa habari hii ninachofanya kwa habari zote: kuzunguka pande zote. Upande mmoja, jina lililo chini ya maoni ni la Régine, na watu wa bichi wana hasira na maoni, hawana hasira na habari. Habari yangu ilibandikwa wiki nzima na hakuna aliyekuja kumwita mtu. Upande wa pili, bila habari yangu maoni yake yanasimama hewani, na kesho mkubwa yule atamwuliza umeona wapi, na yeye atakuwa na majibu mawili tu: kudanganya kwamba aliona, au kunitaja. Hatanitaja. Namjua vizuri, chochote nilichomwambia yule wa toleka.

Nimeandika hivyo mpaka nusu ya ukurasa, kisha nikasikia tumbo la Papa likicheka. Hakuna mahali ambapo mtu anaweza kuniambia hapana.

Basi nimefuta. Naandika upya.

Kesho nitakwenda.

Hiyo Mama Neema anaweza kuiambia hapana, Papa anaweza, na miguu yangu imekwisha kusema.

Nitapita kwanza kwa shangazi yake Régine, asubuhi, kabla hajatoka. Tutatembea pamoja. Pale ofisini sitataja wale akina mama wawili, hata wakinipiga. Nitasema niliona mimi mwenyewe, na ni kweli niliona. Katika gazeti sijawahi kuandika neno "mimi". Papa hulikata. Kesho nitalisema mbele ya watu ambao hawana mkasi.

Naogopa. Niandike hilo pia, lisionekane kama sikulijua.

Lakini hata hofu yenyewe haikuja peke yake. Nikiwa natafuta shati la kesho nimejikuta nikiwaza: wakinikamata, nani ataandika habari hiyo? Mwandishi wa habari ni mimi. Régine ataandika maoni juu yangu. Yatakuwa mazuri. Yatakuwa na sentensi moja ambayo watu wa Lubunga wataipitishia wino, na pembeni watajaza, watajaza, na jina lililo chini litakuwa lake.

Hivi ndivyo nilivyo jioni hii. Sijapata cha kufuta.

Mama Neema ameingia sasa hivi bila kusema kitu, ameweka mfuko juu ya shati. Nimeufungua. Kwanga mbili, majani bado yana moto. Kama watatukawiza mpaka jioni, amesema. Nimemwuliza kwa nini mbili, na kama nyingine ni ya Régine.

"Régine ana shangazi," amesema. "Ile iko ya mwanangu wa bichi. Asikae na njaa, ataanza kukukasirikia."

Ametoka.

Maneno ya Régine, ndani ya nyumba yangu, kinywani mwa mke wangu. Nimeona wivu hapa hapa, biki mkononi. Kisha nimefunga mfuko vizuri, kwanga zote mbili.

Dirisha linazimika, na herufi zangu zinaanza kupandana.

Kesho mlangoni wakiuliza ni nani aliyeandika mambo ya kwanga, nitasema ni mimi, kabla Régine hajafungua mdomo. Nitakuwa namkinga, au nitakuwa nadai mstari wangu? Nimejiuliza jioni nzima. Sijui, na kwa hili sitamngoja mtu wa pili anithibitishie.